Fundi Mfaume na Mawe ya Mizani

Kamati ya Maulidi ya mtaa wetu, baada ya kikao kilichofunguliwa kwa dua na kufungwa kwa kahawa na tende, inawatangazia Waislamu wote wa Kilindoni na vitongoji vyake kwamba, kwa usalama wa jukwaa na kwa heshima ya mhusika, mtu yeyote ambaye uzito wake umefika kilo mia moja au zaidi hatapiga magoti katika safu ya maulidi mwaka huu, bali atapewa kiti. Kiti kitakuwa cha plastiki, kipya, chenye mikono. Uamuzi huu haumlengi mtu.

Haukumlenga mtu kwa sababu haukuwa na haja. Kilindoni nzima, ukiwaacha ng'ombe, alikuwako mmoja tu wa uzito huo, naye alilisoma tangazo hilo ukutani mwa msikiti akiwa na futi yake ya kupimia nguo shingoni. Akalisoma tena. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Chenye mikono. Wameniheshimu."

Huyo ndiye Mfaume, fundi cherehani. Kituo chake ni baraza ya duka la Pyarali, upande wa kushoto ukitazama mlango, na wateja wa sukari na wateja wa kanzu wamezoea kupishana hapo kwa ubavu, kwa sababu Mfaume akishakaa kwenye kigoda chake, baraza huwa imebaki nusu. Ni mtu mpole, anayeshona vizuri na kula vizuri, na kwa miaka mingi hakuona kwa nini jambo la pili lihesabiwe dosari na la kwanza liitwe kipaji. Mkewe, Bi Mize, ni mtu wa Kiegeani, na nyumbani kwao wali usiotoa harufu ya nazi mpaka kwa jirani huhesabiwa kuwa bado uko jikoni.

Lakini safu ni jambo jingine. Asiyeijua safu ya maulidi yetu apate picha hii: wanaume wamejipanga bega kwa bega juu ya mkeka, kanzu nyeupe, kofia za kiua, wamepiga magoti. Dufu zinalia. Wao huinama pamoja mpaka paji la uso likaribie mkeka, huinuka pamoja, hulalia upande huu na ule kama mnazi mmoja, na mwishowe, kasida ikipanda, husimama wote kutoka magotini bila mkono kugusa chini. Hapo ndipo akina mama hupiga vigelegele. Hapo ndipo pia, mwaka uliopita, Mfaume hakusimama. Alijaribu. Aliye kulia kwake alimshika, aliye kushoto akamshika aliyemshika, na safu yote ikalala upande mmoja kwa unyenyekevu mkubwa, ubao mmoja wa jukwaa ukalia kwa sauti iliyosikika kuliko dufu. Hakuna aliyeumia. Vigelegele vilipigwa hata hivyo, maana akina mama walidhani ni mtindo mpya.

Nafasi ile, ya tatu kutoka kulia, ilikuwa ya baba yake Mfaume. Alipofariki, mwanawe akaingia bila mtu kumwita, kama mtu anavyoingia chumbani kwake. Hajakosa hata mwaka mmoja. Na kanzu za safu nzima hushonwa na yeye. Kwa hiyo tangazo la kamati lilikuwa na sehemu ya pili ambayo haikuandikwa: mwaka huu Mfaume angeshona kanzu ya mtu wa kupiga magoti mahali pake.

Mtu huyo aliletwa wiki ileile. Jina lake Taufiki, mvuvi wa Bwejuu, ana sauti nzuri na mwili kama uzi wa bobini. Mfaume akamzungushia futi kiunoni, futi ikabaki ndefu mkononi.

"Nyumbani kwenu hamli?" akamuuliza.

"Tunakula, Fundi. Haikai."

"Kwangu inakaa," Mfaume akasema, akaandika kipimo kwa chaki juu ya meza. Alimshonea kanzu nzuri sana. Wanaojua wanasema ndiyo iliyoshonwa vizuri kuliko zote mwaka ule, jambo ambalo halishangazi. Mtu akiumia, huwa makini.

Taufiki alipoondoka, Taqi Pyarali alitoka ndani ya duka akaegemea mlango. Taqi na Mfaume ni marafiki tangu madrasa, ingawa kila mmoja alisoma ya kwao, Taqi ya Mashia na Mfaume ya Wasunni. Taqi ni mwembamba, anakula sambusa tangu asubuhi na haonekani popote, na Mfaume daima ameliona hilo kuwa dhuluma inayovumilika tu kwa ajili ya urafiki.

"Njoo upande," akasema Taqi, akionyesha mzani mkubwa wa kupimia magunia ya mbata, zile nazi kavu, uliosimama barazani hapohapo.

"Sipandi."

"Panda, Fundi. Mgonjwa kwanza hupimwa."

Mfaume akapanda. Mshale ukazunguka kwa hamasa, ukasimama.

"Mia na nane."

"Mzani wako mbovu."

"Mzani huu ulikuwa wa babu yangu. Haujawahi kuwa mbovu."

"Basi babu yako naye alikuwa mbovu."

Wanunuzi wa sukari walicheka, na kabla ya adhuhuri Kilindoni yote ilikuwa na taarifa hiyo mpaka kwenye gati. Lakini Taqi hakucheka. Alikuwa amesikiliza mambo mengi kwenye simu, kama wenye maduka wanavyosikiliza wakisubiri wateja, na safari hii alikuwa amesikiliza kitu cha maana. Akaeleza: mtu akijinyima chakula na kutembea tu, atapungua, ndiyo, lakini atapungua mafuta pamoja na nyama. Atashuka chini ya mia, atapewa nafasi yake, atapiga magoti, na hatainuka, kwa sababu miguu itakuwa imekwenda na tumbo. "Wewe unataka mafuta yaondoke, nguvu ibaki. Dawa yake ni kunyanyua vitu vizito."

"Vitu gani?"

Taqi akaingia nyuma ya kaunta, akavuta sanduku, akatoa mawe ya mizani. Ya chuma, meusi, ya kizazi cha kwanza cha duka, yaliyostaafu tangu mzani wa betri ulipowasili. Kulikuwa na jiwe la kilo, la kilo mbili, la tano, na mawe ya kumi yenye pete ya kushikia, ambayo hata kuyatoa ndani ya sanduku yalikuwa kazi.

Mfaume akachagua la kilo mbili. Alisema lina umbo zuri.

Tuseme wazi kwamba utaratibu aliojitungia ulikuwa na nidhamu. Kila siku baada ya alasiri alifunga cherehani, akatundika tasbihi kwenye gurudumu lake, akashika jiwe la kilo mbili na kuanza: anainua mkono, anavuta punje, anainua mkono, anavuta punje. Hakuwa akileta uradi, na alitaka hilo lijulikane. Alikuwa anahesabu tu, na mkono wake ulikwishazoea kuhesabu hivyo. Tasbihi, kama ijulikanavyo, ina kituo kwenye thelathini na tatu. Kwa hiyo Mfaume alinyanyua mara thelathini na tatu, akapumzika kwenye kishada kidogo kile, akanyanyua thelathini na tatu nyingine, na nyingine, mpaka tasbihi ikaisha. Mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Kisha akakaa na kuinuka kwenye kigoda, vilevile kwa tasbihi nzima, akijishikia meza. Hakuna aliyemuuliza kwa nini thelathini na tatu. Ingekuwa kama kumuuliza mtu kwa nini wiki ina Ijumaa.

Alitoka jasho lile ambalo watu huliheshimu. Bi Mize aliliheshimu kuliko wote.

"Mtu aliyefanya kazi hulishwa," alisema, akimwekea sinia.

"Mize, mimi napungua."

"Pungua, nani amekukataza? Lakini pungua umeshiba."

Ulikuwa wali wa nazi, na samaki wa kupaka, na juu ya kupaka hiyo kulikuwa na kasimile, lile tui zito la kwanza ambalo kwao Kiegeani halitiwi maji hata kwa bahati mbaya. Mfaume alikula kwa sikitiko. Kila Ijumaa alipanda mzani. Mwezi wa Mfungo Mosi ukaisha, wa Mfungo Pili ukaisha, na mshale ulikuwa umesogea alama moja tu, nao ulisogea kulia.

"Mia na tisa," akasema Taqi, polepole, kama daktari.

Siku hiyo Mfaume hakuutukana mzani. Alirudi kwenye kigoda chake akashona mpaka magharibi, na jiwe la kilo mbili akalitumia kuzuia vitambaa visipeperuke. Taqi anasema ndiyo siku pekee aliyomwogopea. Alimletea chai, ikapoa. Jioni Mfaume alimwambia, bila kumtazama, "Nilikuwa nasimama pale, nasikia bega la marehemu baba limegusa langu. Hata akiwa hayupo. Ukiwa kwenye kiti huwezi kusikia bega la mtu." Kisha akaongeza kwamba kiti chenyewe huenda kikavunjika, ili mazungumzo yasiwe mazito mno.

Noorin alikuja kwa Idi kubwa. Ni binti ya Taqi. Amesomea mazoezi ya tiba na anafanya kazi Dar es Salaam, hospitali moja huko, akiwasimamisha watu waliovunjika nyonga. Alishuka kwenye boti asubuhi, na alasiri alikuwa barazani, akila sambusa za baba yake na kutazama tasbihi ikizunguka.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Usinisemeshe, nitapoteza hesabu."

Akasubiri mpaka punje ya mwisho. Halafu akauliza, "Ami, hilo jiwe, ukilibeba mara thelathini na tatu, unachoka?"

"Nachoka kuhesabu."

"Basi hilo si zito. Kitu kinachokubali kubebwa mara thelathini na tatu si mzigo, ni mkoba. Mwili haujui kwamba umepewa kazi."

Taqi alijifanya anapanga mishumaa. Mfaume alilitazama jiwe kama mtu aliyegundua kwamba rafiki yake wa siku nyingi anamsema pembeni.

Noorin akayatoa mawe ya kumi. Akayatia mawili kwenye mfuko wa mchele uliokuwa mtupu, akaufunga mdomo, akampa Mfaume aukumbatie kifuani, akamwambia akae juu ya kreti ya soda na ainuke bila kushika meza. Mfaume akainuka. Akainuka tena. Mara ya sita alitoa sauti. Mara ya nane uso ulikuwa na rangi ya kanga nyekundu ya mkewe.

"Bado mbili," akasema Noorin.

"Mbili zipi?"

"Zile ambazo ndiyo dawa. Hizo nyingine zilikuwa njia ya kufika hapo."

Akazifanya, akakaa chini barazani, na Noorin akamwacha apumzike kwa muda ambao mtu anaweza kupima na kufunga sukari ya wateja wawili, halafu akamsimamisha tena. Huo ndio ulikuwa msingi wa utaratibu mpya, na alimweleza waziwazi, kwa sababu watu aliowazoea ni wagonjwa na wagonjwa hutaka sababu. Siku tatu kwa wiki, si kila siku: Jumamosi, Jumatatu, Jumatano. Mwili haujengeki wakati wa kunyanyua, hujengeka wakati wa kupumzika, kwa hiyo kulala ni sehemu ya zoezi. (Hapo Mfaume alitikisa kichwa kwa kukubali kabisa.) Kukaa na kuinuka na mzigo, kwa ajili ya mapaja, kwani ndiyo yanayomsimamisha mtu kutoka magotini. Kuinua gunia la nazi kutoka chini, mgongo umenyooka, kwa ajili ya kiuno. Kusukuma meza ya kukatia vitambaa, mikono kwenye ukingo, mwili umelala mshazari kama ngazi. Kuvuta ndoo yenye mawe, mkono mmoja mmoja, akiwa ameinama. Na mwisho, kubeba ndoo mbili nzito mpaka kisima cha msikiti na kurudi, taratibu, bila kusimama kuzungumza.

"Bila kusimama kuzungumza?" Mfaume akauliza. Hilo ndilo lililomtisha.

"Salamu jibu ukiwa unatembea. Na kila zoezi mara nane mpaka kumi. Likianza kuwa jepesi, usiongeze hesabu, ongeza jiwe. Tasbihi irudishe msikitini, Ami, ikafanye kazi yake."

"Na mzani?"

"Usiupande tena. Nyama ni nzito kuliko mafuta. Utapungua mwili, mshale usione. Wewe ni fundi. Jipime kwa futi."

Mfaume akaipenda mara moja rai hiyo. Maisha yake yote alikuwa amewaamini watu kwa inchi.

Ikabaki chakula, na chakula kilikuwa mikononi mwa Bi Mize. Noorin alikwenda mwenyewe, akapokewa vizuri, akaketishwa mkekani, akalieleza jambo hilo kwa adabu zote. Wali nusu ya sahani. Samaki wengi, wa kuchoma au mchuzi. Kunde, mayai, mboga. Na tui, kama inawezekana, liwe la pili badala ya la kwanza.

Bi Mize aliweka chini nazi aliyokuwa akiikuna.

"La pili tunawapa paka."

"Mama, ni kwa ajili ya safu."

"Mwanangu, mimi nimeolewa na mtu huyu akiwa mwembamba. Nimemnenepesha kwa mkono wangu. Unaniambia nimekosea?"

"Hujakosea. Unamrudisha tu safuni kwa mkono uleule."

Paka akaingia, akasikiliza, akatoka. Halafu Bi Mize akauliza kama kunde zinaweza kutiwa ndimu na pilipili, akaambiwa hata mara mbili. "Basi la pili," akasema. "Lakini asijue mama yangu." Kasimile ilikwenda kwa jirani, na nyumba ile sasa ina watu wanene.

Ikaanza kazi ambayo haina hadithi, na hilo ndilo lililoifanya ifaulu. Jumamosi, Jumatatu, Jumatano, Mfaume alikumbatia mfuko wake barazani, na wateja wakapita ubavu. Mfungo Nne aliongeza jiwe la tano. Wiki moja goti lilimuuma, akampigia Noorin simu, akaambiwa ainue kreti kwa mto na apunguze jiwe. Akapunguza, likapoa, akarudisha. Alisalimiana na nusu ya Kilindoni akiwa na ndoo mikononi, na wengine walimkasirikia kwa kuwapa mgongo huku akijibu "marahaba". Akatoka jasho dogo kuliko lile la zamani, jambo lililomsikitisha, mpaka siku moja alipoinuka kigodani kumpima mteja na wote wawili wakagundua kwamba hakushika meza. Futi yake ikaanza kubaki mkononi: inchi moja, inchi mbili na nusu. Akaifumua kanzu yake mwenyewe ubavuni akaipunguza, akafikiri amemaliza, na Mfungo Tano akaifumua tena.

"Panda mzani," Taqi alimshawishi siku moja. "Kidogo tu. Nakufa na hamu."

"Nimekatazwa na mtaalamu."

"Mtaalamu ni binti yangu."

"Basi mgombeze wewe."

Mfungo Sita, mwezi wa maulidi, ukafika. Maulidi yetu husomwa baada ya alasiri, kwa ajili ya wageni wa Bwejuu wanaotaka kurudi kwa mashua kabla maji hayajapwa. Mikeka ilitandikwa, udi ukafukizwa, na kando ya jukwaa, mahali ambapo kila mtu angekiona, kiliwekwa kiti cha plastiki, kipya, chenye mikono. Kilikuwa cha kijani. Taqi alikuja na familia yake, wakaketi upande wa wageni. Noorin alikuwa amechukua likizo ambayo aliieleza kazini kuwa ni ya kifamilia.

Mfaume alifika amevaa kanzu iliyomkaa kama aliyozaliwa nayo. Hakwenda kwenye kiti. Alikwenda kwa Ustadhi Suleimani, mwenyekiti wa kamati, aliyelitunga tangazo kwa kalamu yake na kuliandika upya mara mbili kwa ajili ya lugha. Akasimama mbele yake.

Ustadhi alimtazama kuanzia kofia hadi makubadhi. Alimtazama zaidi katikati.

"Mashaallah," akasema. "Umeshuka chini ya mia."

"Sijapima, Ustadhi. Sitaki nikuambie uongo siku ya leo."

"Kwani mimi sina macho?"

"Unayo, Ustadhi. Lakini sijapima."

Ustadhi Suleimani si mtu anayependa macho yake yatiliwe shaka na mtu yuleyule anayenufaika nayo. "Nenda kwenye safu," akasema, "kabla hawajaanza."

Taufiki alikuwa amekwishapiga magoti mahali pa tatu kutoka kulia. Alipomwona, akasogea bila kuambiwa, na safu nzima ikasogea, na nafasi ikawa pana kidogo kuliko ilivyohitajika, maana walikuwa wanakumbuka ya mwaka uliopita. Mfaume akashuka magotini. Dufu zikaanza.

Waliinama, wakainuka. Wakalala huku, wakalala kule. Kasida ikapanda. Upande wa wageni, Noorin aliacha kutafuna. Bi Mize, kwa akina mama, alikuwa ameushika mkono wa jirani yake mnene kwa nguvu ambayo jirani anaizungumzia hadi leo. Kisha ikafika ile sehemu, na safu ikasimama, yote, kwa mara moja, na ndani yake Mfaume, mikono mapajani, uso mbele. Taufiki, ambaye alikuwa ametoka baharini alfajiri na hakulala, aliyumba kidogo alipofika juu. Aliegemea bega lililokuwa karibu. Bega halikuyumba. Vigelegele vilipigwa, safari hii kwa makusudi.

Kiti cha kijani kilitumika kuwekea chetezo.

Asubuhi yake duka la Pyarali lilikuwa na wateja wengi kuliko kawaida, wengi wao wakihitaji vitu vidogo sana. Ustadhi Suleimani alikuja kununua sukari. Noorin alikuwa amekaa juu ya kreti ya soda, begi lake la safari miguuni, akisubiri boti, na baba yake alimtazama mpaka binti akasema, "Haya, Ami, mara moja tu, baba apate usingizi." Mfaume akaweka futi kwenye cherehani, akavua makubadhi, akapanda juu ya mzani wa mbata.

Mshale ukazunguka, ukatulia kwenye mia moja na tatu.